Mpira wa Bei na Mpira wa Mtoni

Jumamosi, 1 Aprili 2006

Daftari hili ni la majaribio ya mbegu. Lina safu za tarehe, mvua, kuota na maoni. Lilibaki moja kwenye kabati la ofisi nikalichukua, maana tangu asubuhi nimekasirika na sina mtu wa kumwambia. Mke wangu Nanyama yuko Naitiri na mahindi yetu. Mimi niko hapa Matisi, pembeni mwa mji wa Kitale, na redio na jiko la mafuta ya taa. Basi nitaliambia daftari.

Hashim amenidharau tena. Hashim Abdikarim ana duka la vitambaa karibu na msikiti, na kwa miaka kumi na moja tumecheza gofu pamoja kila Jumamosi, saa moja asubuhi, kabla wakubwa hawajaamka. Leo ukungu ulikuwa mzito. Mlima Elgon haukuwepo kabisa, na bendera ya shimo la kwanza ilikuwa ya kukisia. Akapiga mpira wake wa bei, akabaki na fimbo hewani, kichwa amekilaza upande kama kuku aliyesikia mwewe.

"Umeusikia?" akaniuliza.

"Nimesikia mpira umepigwa."

"Basi hujasikia. Wako unalia kama mtu amegonga bati. Huu wangu unalia kama mlango wa kabati la mvule ukifungwa polepole."

"Na bei yake nayo inalia aje?"

Mpira mmoja wa Hashim ni bei ya gorogoro kumi za mahindi, yaani kilo ishirini. Mimi yangu nanunua kwa akina mama wanaochota maji kwenye kijito cha shimo la sita. Wanaiokota kwenye matope, wanaiosha, wanaipanga kwenye ungo kama mayai. Tunaiita mipira ya mtoni. Na sisi si watu wa vikombe. Hashim akiwa na siku njema anamaliza uwanja kwa mapigo tisini na sita, mimi mia na mbili. Mpira wa bei umetengenezewa wale vijana wa kwenye televisheni. Kumpa mzee wa Kitale ni kumwaga mbolea barabarani, nami nikamwambia hivyo hivyo.

"Bwana Mbegu," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "wewe kazi yako si kupima? Pima basi."

Nitapima. Mimi ni mkaguzi wa mbegu, na kwa miaka thelathini nimewaambia wakulima ni gunia gani linawadanganya. Desemba natimiza hamsini na tano na serikali inanirudisha nyumbani. Sina marafiki wengi, sijui kwa nini, watu wanasema nina mdomo. Nikishastaafu, sababu ya kurudi Kitale itakuwa moja tu, hii Jumamosi. Naiandika ili nisijifanye kwamba ninabishana juu ya mipira.

2 Aprili

Mvua milimita kumi na nne. Nanyama amepiga simu, wamemaliza kupanda.

8 Aprili

Jaribio la kwanza. Kila shimo nimepiga mipira miwili, wa bei na wa mtoni. Nimehesabu hatua na nimeandika. Tofauti kati ya mipira hii miwili mikononi mwangu ni ndogo kuliko tofauti kati ya pigo langu la kwanza na la pili kwa mpira ule ule. Yaani ubaya wangu unameza kila kitu. Nikamwonyesha Hashim daftari. Hakuliangalia. Akasema, "Nisomee." Nikamsomea kama mwanafunzi.

"Hiyo ni kwa sababu wewe unatazama," akasema. "Umeandika sauti popote?"

Sikuwa na safu ya sauti.

11 Aprili

Maulidi. Sabiha, binti yake Hashim, amenitumia pilau kwenye hotpoti ya bluu. Nimekula peke yangu dirishani huku mvua ikipiga mabati ya jirani. Pilau ya watu wale ina amani fulani.

15 Aprili

Uwanja umelowa kama sifongo. Mipira inazama palepale inapoangukia. Kila pigo Hashim ananiuliza, "Umeona umeangukia wapi?" na mimi namwongoza. Kadi yake najaza mimi. Ananifanya kedi wake, mtumishi wa kumbebea fimbo, na mshahara ni maneno ya kunicheka.

22 Aprili

Ukungu. Ndege aina ya kwarara wamepita juu yetu wakipiga kelele, hatukuwaona. Hashim amesema, "Watatu." Nikamuuliza amejuaje. Akasema ni hesabu tu.

29 Aprili

Nimepita dukani kununua kitambaa cha suruali. Hashim alikuwa kwenye kiti chake, Sabiha anapima. Mteja alitaka kitambaa cha popolini. Mzee akakishika kwa vidole viwili, akakichana kidogo pembeni, akasikiliza. "Hii si pamba tupu," akasema, "ina nailoni." Sabiha akasoma karatasi ya robota, kweli ina nailoni. Nikasimama pale nimependa. Halafu nikakasirika kwamba nimependa.

6 Mei

Nimepata kosa la jaribio langu, tena ni kosa ambalo ningemfokea karani wa siku ya kwanza kazini. Mkulima akijua ni shamba gani lina mbegu mpya, hulipalilia vizuri zaidi. Halali usingizi, analizungukia, analitia samadi ya siri. Ukivuna, umepima mapenzi yake, hukupima mbegu. Ndiyo maana tunafuta majina kwenye vipakiti na kuandika A na B. Hashim anajua ana mpira wa bei, kwa hiyo anaupalilia. Asijue.

10 Mei

Nimefanya jambo ambalo sitalisimulia kwa Nanyama. Hashim hutia alama mipira yake kwa nukta tatu za rangi ya kucha, kijani. Sabiha ndiye humchorea, nimekuwa nikimwona mzee mvivu. Leo nimesimama mbele ya kibanda hapa Matisi, mtu mzima na mvi zangu, nikaulizia rangi ya kucha ya kijani. Yule mama akaniuliza, "Ya shughuli gani, mzee?" Nikamwambia ya ofisi. Nimechagua mipira sita ya mtoni iliyo myeupe zaidi, nimefuta majina kwa tina ya kusafishia rangi, nimeweka nukta tatu tatu. Imekaa dirishani inakauka. Ni mizuri sana.

13 Mei

Hashim alipoingia klabuni kunawa, nikafungua mfuko wake wa fimbo na kubadilisha. Mipira yake ya kweli iko hapa mezani ninapoandika.

Shimo la kwanza akatoa mpira mfukoni, akapitisha kidole gumba juu ya nukta, akauweka chini. Hata hakuuangalia. Akapiga. Pigo zuri kabisa, limenyooka. Lakini akabaki amesimama muda mrefu, kichwa upande, kama anasubiri barua.

"Umeenda wapi?" akauliza.

"Katikati, Haji. Safi."

"Una uhakika?"

Tangu hapo akaharibikiwa. Aligeuka kabla ya kupiga, akapiga ardhi, akapiga miti. Mapigo mia moja na kumi na nane. Nimeshangaa. Nilitegemea asione tofauti, na tofauti imekuwa kubwa kuliko nilivyowahi kuona kwenye shamba lolote. Lakini jaribio moja si jaribio. Tunarudia mara tatu, ndiyo kanuni.

20 Mei

Mara ya pili. Mia moja na ishirini na mbili. Kwenye shimo la tano akaniuliza, "Bwana Mbegu, unasikia ule mto?" Nikasema nausikia. "Na mimi nausikia," akasema, kama mtu anayehesabu noti zake. Shimo la tisa akaniuliza kama nasikia adhana ya mjini. Ilikuwa saa tatu asubuhi, hakuna adhana saa hiyo. Akasema alikuwa ananijaribu.

24 Mei

Mahindi ya Naitiri yamefika magotini. Milimita ishirini na moja.

27 Mei

Mara ya tatu. Hakumaliza. Kwenye shimo la saba alikaa juu ya gogo la msaiprasi, akavua kofia, akaiweka gotini. Umande ulikuwa bado unang'aa kwenye nyasi na uwanja wote ulikuwa kama umefunikwa shuka. Akasema, "Tuishie hapa leo."

"Unaumwa?"

"Sijui ninachoumwa."

Ningemwambia pale pale. Mdomo ulikuwa wazi. Lakini nilikuwa nimeshika kalamu, na safu ya tatu ilikuwa tupu, na nikaona nimalize kwanza kuandika. Nikaandika "hakumaliza". Jumamosi ijayo nitamrudishia mipira yake, tutacheka.

3 Juni

Hakuja. Sabiha anasema ana mafua.

10 Juni

Hakuja. Kombe la Dunia limeanza, mji mzima umeingia ndani kutazama. Nimecheza peke yangu mashimo manne.

17 Juni

Nimecheza peke yangu na mipira yake ya bei. Nilitaka kusikia hicho kinachosemwa. Nimepiga, nimelaza kichwa upande kama yeye. Nimesikia mpira umepigwa.

18 Juni

Nimeota ninavuna Naitiri. Kila hindi nililolimenya punje zake zilikuwa mipira midogo myeupe, imejipanga mistari sawasawa, na kila punje ina nukta tatu za kijani. Nanyama akanyoosha kanga yake nimwagie. Zikaanguka bila kutoa sauti hata kidogo. Nimeamka nimeshika shuka.

24 Juni

Nimeenda dukani. Hashim yuko nyuma kabisa, kati ya marobota, mahali ambapo zamani alikuwa akilala adhuhuri. Mfuko wake wa fimbo umesimama karibu na mlango, umefungwa kamba.

"Chukua," akasema. "Kama kuna mtu klabuni anataka, Kiplagat au nani, mpe. Mimi nimeacha."

"Umeacha aje? Miaka kumi na moja, Haji."

"Si nimekwambia nimechoka, bana."

Hajawahi kuniambia bana kwa sauti ile. Sabiha alinisindikiza mpaka nje. "Mzee Wakonyo, nini kilitokea huko?" akaniuliza. "Hali chakula. Asubuhi anakaa na redio, anaifungulia juu, anaishusha, anaifungulia juu. Ati anaipima." Nikasema sijui. Nimemdanganya mtoto wa watu mchana kweupe. Mfuko sikuuchukua.

1 Julai

Naitiri. Nimemweleza Nanyama yote, hata rangi ya kucha. Alikuwa anapepeta maharagwe. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi.

"Baba Derrick, na yeye umemweleza?"

"Bado. Sijaelewa matokeo."

"Matokeo," akasema, akaingia ndani.

5 Julai

Mahindi yanatoa mbelewele. Upepo ukipita yanatikisika yote pamoja, na harufu yake ni tamu mpaka mtu anataka kulala katikati. Sijaenda Kitale wiki hii. Najificha kwenye mahindi yangu mwenyewe.

Jumatano, 12 Julai

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Leo nilikuwa na ukaguzi upande wa Bungoma. Nilimaliza mapema, nikashuka Kanduyi kutafuta chai. Ng'ambo ya barabara, upande wa uwanja wa Masinde Muliro, nikamwona mtu amevaa kanzu na koti la kijivu. Nikasema huyo amefanana na Hashim. Alikuwa amesimama ukingoni na watu wanampita. Lori likapita, akarudi nyuma hatua moja baada ya lori kupita. Baada ya kupita, ndicho nilichokiona. Halafu akanyoosha mkono, akagusa kiwiko cha mama mmoja aliyebeba kuku, akasema naye kidogo. Yule mama akamvusha kama anavyovushwa mtoto wa nasari. Akamwacha hatua tatu mbele yangu. Hashim alinitazama usoni, moja kwa moja, na hakunisalimu.

"Haji," nikasema.

Uso wake wote ukafunguka, halafu ukafungwa. "Bwana Mbegu. Umenifuata?"

"Nimekuja kukagua mbegu."

"Basi kagua na hii," akasema, akagusa paji la uso wake.

Tukaingia kibanda cha chai. Nikamwekea kikombe mkononi, na ni wakati ule tu nilipojua kwamba kwa miaka nimekuwa nikimwekea kikombe mkononi. Akaniambia. Ni miaka minne macho yanafifia. Yalianzia pembeni. Kwanza unagonga mlango, unalaumu mlango. Sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuziba. Jicho la kushoto limekwisha. Daktari wake yuko Bungoma kwa sababu Kitale watu wana macho.

"Wakijua muuza vitambaa haoni, nani atanunua?" akasema. "Sabiha anajua. Sasa na wewe."

"Na gofu ulikuwa unachezaje?"

Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Mei. "Si nilikuwa nakwambia kila siku? Nacheza na masikio. Ule mpira wa bei ukiupiga katikati una neno lake. Ukiupiga na ncha una lingine. Nilikuwa najua umeenda wapi kabla hujafungua mdomo. Wewe nilikuwa nakuuliza kuthibitisha tu. Unadhani mimi ni mjinga wa kununua mpira gorogoro kumi kwa ajili ya sifa?"

Ndiyo, nilidhani hivyo. Kwa miaka minne nilidhani hivyo na nilimwambia.

"Halafu Mei mpira ukanyamaza," akaendelea. "Napiga, nashika nukta zangu, ni mpira wangu, na sauti si yake. Imekuwa bati. Nikajua masikio nayo yameanza. Macho nilikubali, Wakonyo. Nililia, nikaswali, nikakubali. Nikasema nimebaki na masikio, kitambaa nitakisikia, mpira nitausikia, wajukuu nitawasikia. Lakini sikuwa nimejiandaa kwa masikio. Nimemwambia daktari leo. Amenipima, anasema ni mazima. Nimemwona ananihurumia tu."

Chai yangu ikapoa. Mtu yeyote mwenye moyo angesema pale pale. Mimi nikasema, "Daktari hawezi kudanganya, Haji." Nikamsindikiza mpaka akapata gari la Kitale, nikarudi kwenye kibanda, nikakaa. Naona haya mpaka kwenye mifupa. Nimemzimia mtu taa yake ya mwisho ili nijaze safu tatu.

15 Julai

Sikwenda kumwona. Nimejiambia mvua ilikuwa nyingi. Ilikuwa milimita mbili.

18 Julai

Nanyama amepiga simu. Ameuliza neno moja, "Umemwambia?" Akakata.

22 Julai

Nimeenda na mipira kumi na miwili kwenye mfuko wa karatasi, sita yake ya kweli na sita ya mtoni niliyoitia nukta upya jana. Sabiha nilimwomba afunge mlango wa mbele kidogo. Hashim alikuwa kwenye kiti chake kati ya marobota, redio chini. Sakafu ya pale nyuma ni saruji tupu.

"Haji, sikiliza," nikasema. Nikaangusha mpira mmoja.

Ukadunda, ukadunda, ukatulia. Akanyanyua kichwa. Nikaangusha mwingine.

"Rudia," akasema.

Nikachanganya, nikaangusha mmoja mmoja. Naye anataja. Wangu. Si wangu. Si wangu. Wangu. Yote kumi na miwili, bila kukosea hata mmoja. Mikono yake ilikuwa imeshika kingo za kiti. Halafu akainama, akapapasa sakafuni, akaokota mmoja kila mkono, akapitisha vidole gumba. Nukta tatu huku. Nukta tatu huku.

Sijawahi kuona mtu anafurahi na kuumia uso ule ule. Masikio yake yalikuwa mazima. Na aliyeyachukua alikuwa mimi.

"Lini?" akauliza.

"Mei."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Mara ya kwanza uliona nimeharibikiwa?"

"Niliona."

"Kwa nini tatu, basi?"

"Jaribio ni mara tatu," nikasema. Nilisikia neno lilivyokuwa dogo likitoka.

Mvua ya alasiri ikaanza juu ya bati. "Miezi miwili," akasema. "Miezi miwili nimekaa hapa najiandaa kuwa jiwe. Toka dukani kwangu, Wakonyo."

Hakuniita Bwana Mbegu. Nimetoka. Sabiha alinifungulia mlango na hakunitazama.

29 Julai

Nimekaa kwenye benchi la shimo la kwanza kuanzia saa moja hadi saa nne. Sikucheza.

5 Agosti

Nimekaa tena. Mama mmoja wa kijitoni amekuja na ungo wake. "Leo hununui, mzee?" Nikamwambia sina wa kucheza naye. Akaniachia mmoja bure, nadhani uso wangu ulimtisha.

9 Agosti

Mahindi yameanza kubeba. Nanyama anasema mwaka huu tutapata vizuri. Simu ilikuwa nzuri, hakuniuliza kitu.

12 Agosti

Ukungu wa leo ungeukata kwa panga. Nilikuwa kwenye benchi, sioni hata viatu vyangu vizuri, na nikasikia changarawe. Hatua za watu wawili, na vyuma vikigongana mfukoni. Nikajua fimbo zake kabla sijajua ninajua.

Sabiha alimwachia mkono kwenye nyasi. "Nitarudi saa nne," akasema, na akaniambia mimi, "Mzee, usimpoteze."

Hashim hakunisalimu. Akatoa mfukoni kipande cha popolini nyeusi, kimepindwa pindo vizuri kwa cherehani, akaninyooshea.

"Funga macho," akasema.

"Haji?"

"Wewe ulinipima bila kuniambia. Mimi nakwambia. Utacheza umefungwa, mashimo matatu, mipira yote miwili, na mimi ndiye nakuwekea chini. Hutajua upi. Utaniambia wewe. Na ni Jumamosi tatu." Akauweka mfuko wa fimbo chini. "Si ndiyo kanuni?"

Nikafunga. Sitaandika yote niliyofanya gizani. Nilipiga hewa, nikapiga udongo, nikapiga goti langu. Nilipoupata mpira nilikisia, nikakosea kila mara. Ajabu ni woga. Nyasi ninazozijua miaka kumi na moja zilikuwa hazina mwisho, na kila hatua nilidhani kijito kiko mbele yangu. Nilimshika Hashim bega. Hakulitoa. Yeye kwa mpira wake wa bei aliucheza ukungu ule kama anatembea sebuleni. Alipiga, akasema "kulia, chini ya msaiprasi", tukaenda, nikavua kitambaa kutazama, na ulikuwa pale, unasubiri.

19 Agosti

Mara ya pili. Nimepatia miwili kati ya sita. Hashim anasema hata mbuzi angekisia zaidi. Amesema pia kwamba bado hajanisamehe, nisijidanganye. Nimesema sijidanganyi. Lakini aliniita Bwana Mbegu mara moja kwa bahati mbaya, na wote wawili tulijifanya hatukusikia.

26 Agosti

Safu ya maoni bado ilikuwa tupu. Basi niijaze kama ninavyojaza fomu. Kwa mchezaji wa kawaida mwenye macho mawili na mikono mibaya, mpira wa bei haumpunguzii mapigo hata matatu, na mimi nitaendelea kununua kwa akina mama wa kijitoni mpaka nife. Kwa mkulima mmoja, jina Hashim, fomu hii haikuwa na safu ya kupima alichokuwa akivuna. Kosa ni la mkaguzi.

Leo hapakuwa na ukungu. Mlima ulikuwepo wote, nilimweleza ulivyo kabla ya kufunga kitambaa, bluu chini na wingu moja tu juu. Akasema, "Endelea." Nikamweleza mahindi ya jirani wa uwanja pia, yalipofikia.

Mara ya tatu. Shimo la kwanza nikakosea. La pili nikakosea. Shimo la tatu nilikuwa nimechoka kujaribu, nimesimama tu, popolini ina harufu ya duka lake. Nikasikia umande unadondoka kutoka kwenye miti. Nikasikia kijito, na mama mmoja anacheka mbali. Nikasikia Hashim anapumua upande wangu wa kushoto, na kanzu yake inagusa nyasi akiinuka baada ya kuweka mpira chini. Nikapiga.

Ulikuwa mlango wa kabati la mvule. Mtu aliufunga polepole sana, ndani ya nyumba yenye watu waliolala.

Nilibaki na fimbo hewani.

"Upi huo?" akauliza Hashim.

"Wako," nikasema. "Huo ni wako, Haji."

Akanishika kiwiko, kama yule mama wa Kanduyi alivyomshika yeye. "Umeenda wapi?"

"Sijui."

"Mimi najua," akasema. "Usivue kitambaa. Twende, Bwana Mbegu, nitakuonyesha."